Zima Kwanza, Ndipo Ushuke: Kufunga na Kutumia Zana za Trekta

Kidole cha pete cha mkono wangu wa kushoto kimeishia nusu. Watu wakikiona huuliza, ni msumeno au ni panga? Wala si hivyo. Ilikuwa plau ya sahani tatu, imetulia chini haina habari na mtu, trekta limeshasimama mbele yake, injini inanguruma taratibu. Mimi ndiye niliyekuwa utingo. Nimeinama kati ya tairi na plau, nimetia kidole kwenye tundu la mkono wa kubebea ili nihisi kama limelingana na pini. Nikapaza sauti, "Subiri!" Dereva akasikia "Rudi!" Trekta likarudi kama sentimita tatu, hazizidi, na tundu likajivika kwenye pini pamoja na kidole changu ndani yake.

Maumivu hayakuja papo hapo. Ulikuja ubaridi, kama vile nimechovya mkono kwenye maji ya kisima, halafu nikaona glavu imelegea mahali ambapo haikutakiwa kulegea.

Imepita miaka zaidi ya 20. Utingo niliuacha, nikawa dereva, siku hizi nawafundisha wengine. Katika muda wote huo nimeona trekta likipinduka mara mbili. Lakini watu walioumia wakiwa wamesimama ardhini, sina hesabu yao: huyu alikuwa anafunga zana, yule anachomoa majani yaliyonasa, mwingine alitaka tu kuruka shafti inayozunguka nyuma ya trekta apite upande wa pili kuchukua chupa yake ya maji. Ndiyo maana anayekuja kujifunza kwangu haanzi kwa kulima. Anaanza kwa kushuka.

Namna ya kushuka

Kabla mguu wako haujagusa ardhi, mambo haya yawe yamefanyika, na kwa mpangilio huu: zima mzunguko wa nyuma (ule unaoendesha mashine kama slesha, yaani mashine ya kufyekea majani), shusha zana mpaka ikae chini, weka gia huru, vuta hendibreki, zima injini, chomoa ufunguo. Ufunguo usiuache pale kwenye dashibodi. Utie mfukoni. Ukiwa mfukoni mwako hakuna atakayewasha trekta huku kichwa chako kiko chini ya haro, ile zana ya sahani za kuvunja mabonge, hata kama ana haraka kiasi gani.

Kisha teremka ukiwa umeliangalia trekta, kama unavyoteremka ngazi, mikono imeshika. Usiruke. Mtu akiruka pete hunasa kwenye ukingo wa madigadi, na mwili wote unashuka huku kidole kimebaki juu. Mimi pete sivai kazini, na wala si kwa sababu kidole chenyewe hakipo.

Kwa nini zana ishushwe? Kwa sababu kinachoishikilia juu ni mafuta ya haidroliki yaliyofungiwa ndani ya silinda, basi. Mpira ukipasuka, sili ikichoka, au mtu akigusa liva kwa kiwiko, mzigo wa mamia ya kilo unashuka bila kupiga hodi. Kama lazima uingie chini yake, labda kubadili sahani au kukaza boliti, weka stendi za chuma au magogo mazito yaliyokatwa sawa. Tofali halifai, hupasuka ghafla likilemewa. Jeki ni ya kunyanyulia. Usiitegemee ikushikilie mzigo ukiwa chini yake.

Hapa ndipo ninapopata ubishi. "Mwalimu, betri imechoka, nikizima haliwaki tena." Najua. Nimeendesha matrekta ya namna hiyo msimu mzima. Lakini fikiria unavyoliwasha trekta lenye betri au swichi mbovu: unasimama chini, mbele ya tairi kubwa la nyuma, unachukua bisibisi unaigusisha kwenye vichwa viwili vya stata. Matrekta mengi yana swichi ndogo kwenye klachi au kwenye gia inayokataza stata isizunguke kama gia imeingia. Bisibisi inairuka swichi hiyo. Injini inawaka, gia kumbe imo, na trekta linaondoka kwenda mbele. Aliyesimama mbele ya tairi la nyuma ni nani? Ni wewe. Nimezika rafiki kwa njia hiyo, sitaielezea zaidi. Nunua betri.

Je, trekta na zana zinaendana?

Watu huangalia nguvu za farasi tu. Nguvu ni sehemu. Angalia pini kwanza, zile zinazoishika zana kwenye mikono mitatu ya nyuma ya trekta, miwili chini na mmoja juu. Trekta dogo kwa kawaida hutumia mikono ya daraja la kwanza: pini za chini zina unene wa milimita 22 na ya juu milimita 19. Trekta la ukubwa wa kati huwa la daraja la pili: 28 chini, 25 juu. Ukitia pini ya 22 kwenye tundu la 28 itaingia vizuri sana, na itacheza vizuri sana, mpaka siku itakapokatika. Kuna bushi za kuziba nafasi hiyo. Ni vipande vidogo vya chuma visivyo na gharama ya kumtisha mtu. Tembea navyo kwenye kisanduku cha spana.

La pili ni uzito. Zana iliyoning'inia nyuma hunyanyua pua ya trekta, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayokupa usukani. Kanuni utakayoikuta kwenye vitabu vingi vya matrekta ni kwamba mbele ibaki angalau asilimia 20 ya uzito wa trekta lenyewe likiwa tupu. Kama huna mizani, nyanyua zana juu kabisa, tembea taratibu mahali tambarare, kata kona. Usukani ukiwa mwepesi kuliko kawaida, au tairi za mbele zikiburuza badala ya kugeuka, ongeza vyuma vya uzito mbele. Hilo ni jaribio la haraka tu, halichukui nafasi ya kitabu cha trekta. Na tafadhali, uzito usiwe binadamu aliyekaa kwenye boneti. Nimeliona hilo kwa macho yangu.

Kufunga

Nitakwenda polepole hapa, kwa sababu ni hapa nilipoachia kidole.

Kama unaweza kufunga peke yako, funga peke yako. Utingo ni msaada pale tu mnapokuwa mmekubaliana lugha, na lugha hiyo isiwe ya mdomo. Injini ina sauti, upepo una sauti, "subiri" na "rudi" zinafanana kuliko unavyodhani. Tumieni mikono. Kiganja wazi kimenyooshwa: simama. Mikono miwili inavuta kuja kifuani: rudi. Akikupotea machoni, simama hapo hapo mpaka umwone. Na mahali pake pa kusimama ni pembeni, nje ya tairi, kamwe asiwe kati ya trekta na zana wakati trekta linatembea. Akiingia katikati, liwe limezimwa.

Rudi nyuma ukiwa umenyooka na zana, gia ndogo kabisa, mikono ya chini ikiwa imeshushwa usawa wa pini. Ukifika karibu, simama. Vuta hendibreki, zima, shuka. Ndiyo, zima. Najua itakulazimu kuwasha tena kama umekosea kwa sentimita tano. Mimi huwasha hata mara tatu nikiwa na plau nzito, na sijawahi kuona ekari iliyokataa kulimwa kwa sababu ya dakika hizo.

Anza na mkono wa kushoto. Wengi hawajui kwa nini. Kwenye matrekta mengi mkono wa kushoto hauna marekebisho, wa kulia una mpini wa kuzungusha unaoupandisha na kuushusha. Basi wa kushoto, usiobadilika, unaufunga kwanza, halafu wa kulia unaufuata zana ilipo kwa kuzungusha ule mpini. Shika mkono kwa chini au kwa ubavu, usitie kidole tunduni. Ukitaka kujua kama tundu limelingana, chungulia. Kama giza limeingia, tumia tochi. Gizani kidole huona kuliko jicho, lakini jicho halikatwi na pini.

Wa juu, ule tunaouita toplinki, ndio wa mwisho. Una skrubu pande zote mbili, hivyo ukiuzungusha unarefuka au unafupika. Ukiona haufiki, zungusha. Hapa ndipo kishawishi kinapokuja: "Rudisha trekta kidogo tu." Huo ndio udogo ulionikata mimi. Urefu wa toplinki unarekebishwa kwa mikono ya mtu, trekta likiwa limezimwa.

Kila pini ifungwe na klipu yake. Msumari uliokunjwa siyo klipu, waya siyo klipu, na kijiti ndiyo kabisa. Msumari hukatwa na mtikisiko kidogo kidogo, na utakatika siku zana ikiwa juu.

Kisha minyororo ya pembeni, ile inayozuia zana isiyumbe kushoto na kulia. Kwa plau iache nafasi kidogo ili iweze kufuata mfereji. Kwa slesha au mashine ya kunyunyizia dawa ikaze, maana zana ya namna hiyo ikianza kucheza huenda ikagonga tairi. Sasa panda, washa, nyanyua kama sentimita 20, ishushe, inyanyue tena. Sikiliza. Angalia mipira ya haidroliki isije ikabanwa na mikono inapopanda. Hapo umefunga.

Kwa nini mikono mitatu

Zamani plau ilivutwa nyuma ya trekta kwa mnyororo au kwa kiungio kimoja. Ikigonga kisiki, magurudumu ya nyuma yanaendelea kusukuma, plau imekataa, na kitu pekee kinachobaki huru kutembea ni pua ya trekta: inapanda juu na kumlalia dereva. Harry Ferguson, fundi wa Ireland ya Kaskazini, alishughulika na tatizo hilo kwa miaka, na mwaka 1926 akapata hataza ya mfumo wa kufunga plau kwa haidroliki, msingi wa hii mikono mitatu tuliyo nayo leo. Ukiutazama toplinki utaielewa akili yake: plau ikikwama, ule mkono wa juu unasukuma mbele, na msukumo huo unaigandamiza pua ya trekta chini. Mwaka 1939 mfumo huo ukatoka kwenye trekta la Ford aina ya 9N, na tangu hapo ukawa wa dunia nzima.

Nimesimulia hayo kwa sababu moja. Ukichukua trekta lenye akili hiyo yote, ukafunga mnyororo kwenye toplinki au ukauzungusha kwenye ekseli ili ung'oe kisiki, umerudi kabla ya mwaka 1926. Kitu chochote cha kuvuta, kiwe trela, gari lililokwama au gogo, hufungwa kwenye droba, ile iliyo chini ya ekseli. Ukifunga juu ya ekseli, trekta linajikunja kuzunguka ekseli yake lenyewe. Kupinduka kwa nyuma huchukua kama sekunde moja na nusu mpaka mwisho, na baada ya karibu nusu ya muda huo hakuna tena cha kuokoa, hata ukikanyaga klachi. Mtu hata hajamaliza kusema "mama".

Tope nalo lina ujinga wake. Trekta limezama, tairi zinazunguka bure, anatokea mjuzi na gogo: lifungeni kwa mnyororo kwenye tairi za nyuma, zitapanda juu yake. Gogo likishika ardhi tairi haziwezi tena kuzunguka, injini inaendelea kusukuma, na kinachozunguka sasa ni trekta zima. Ukikwama, fungua zana kama inawezekana, chimba mbele na nyuma ya tairi, jaribu kutoka kwa kurudi nyuma. Ikishindikana, ita trekta jingine, mnyororo au kamba imara, droba kwa kiungio cha mbele kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, na kila mtu akae mbali kuliko urefu wa kamba. Kamba ikikatika hupiga kama mjeledi.

Kwenye mlima mkali, ukiwa na zana nyuma, ni salama zaidi kupanda kinyumenyume na kushuka ukiangalia mbele. Kukatiza mlima kwa ubavu mimi hukuepuka nikiweza. Na lile fremu la chuma lililo nyuma ya kiti usilikate kwa sababu linagusa matawi ya miti. Sweden ililazimisha matrekta mapya kuwa na kinga ya kupinduka tangu 1959, na vifo vya kupinduka vikashuka sana. Lakini fremu bila mkanda ni nusu kazi: trekta likipinduka unarushwa kutoka kitini, na pengine fremu lenyewe ndilo linalokuangukia. Kama trekta lako halina fremu kabisa, usifunge mkanda. Hapo unajifunga kwenye kitu kitakachokulalia.

Pitio

Madereva tunaiita pitio, ile shafti fupi yenye meno iliyotokeza nyuma ya trekta, inayoendesha slesha, pampu, mashine ya kupura, na kadhalika. Mwendo wake wa kawaida ni mizunguko 540 kwa dakika. Namba hiyo haimtishi mtu mpaka uigawanye: ni mizunguko 9 kila sekunde. Shafti yenye mzingo wa sentimita 25 inameza zaidi ya mita mbili za kitambaa kwa sekunde moja. Kuanzia kiganja changu mpaka bega ni sentimita 70 hivi. Piga hesabu mwenyewe.

Nilikuwa na mwenzangu, dereva mzuri kuliko mimi, asubuhi yenye manyunyu akavaa koti la mvua lenye kamba za kukazia kiunoni. Slesha ilikuwa imewashwa, amesimama pembeni anasikiliza mlio asioupenda kwenye gia boksi. Akainama. Kamba ikagusa tu. Nilichoona ni yeye kugeuka kama mtu aliyeitwa jina kutoka nyuma, kisha yuko kifua wazi, amekaa kwenye majani, na koti limejisokota kwenye shafti kama kamba ya kitani. Alibaki na kola na mkono mmoja wa koti. Alipona kwa sababu koti lilikuwa kuukuu. Lingekuwa jipya, lisingechanika.

Kwa hiyo: mavazi yanayobana mwili, hakuna kamba, hakuna mtandio unaoning'inia, nywele ndefu zifungwe ndani ya kofia. Hakuna kuruka juu ya shafti inayozunguka, wala kupita chini yake. Zunguka mbele ya trekta. Na kava ya plastiki inayofunika shafti isitolewe. Wengi huitoa kwa sababu imepasuka au inawasumbua kupaka grisi, kisha inaning'inia ukutani miaka. Ipime hivi: injini ikiwa imezimwa na ufunguo mfukoni, izungushe kava kwa mkono. Ikizunguka kirahisi huku shafti imetulia, ni nzima. Ikikokota shafti, beringi zake zimekufa, na kava inayozunguka pamoja na shafti ni sawa na kutokuwa nayo. Vile viminyororo vidogo vya pande zote mbili vifungwe, ndivyo vinavyoizuia isizunguke.

Hesabu meno kabla ya kuunganisha. Shafti ya milimita 35 yenye meno 6 ni ya mwendo wa 540. Yenye meno 21 ni ya 1000. Matrekta mengine yana liva ya kubadili kati ya miendo hiyo. Slesha ya 540 ukiizungusha kwa 1000, nguvu inayotaka kuzing'oa visu inazidi mara tatu, kwa kuwa nguvu hiyo hukua kwa mraba wa mwendo. Kisu kikikatika kwa mwendo huo hakiangalii kimwendee nani.

Urefu nao una mambo. Shafti ndefu inayounganisha pitio na zana ni mabomba mawili yanayoingiana. Ukinyanyua zana au ukikata kona, yanakaribiana na kuachana. Yakikutana mpaka mwisho yatasukuma gia boksi na kuvunja beringi. Yakiachana sana yatachomoka na kuanza kupiga. Katika hali ya kufanya kazi, hakikisha angalau theluthi moja ya urefu wa mabomba imeingiana. Baada ya kuchomeka shafti kwenye pitio, ivute kwa nguvu kuja kwako: kitufe cha kufunga kiwe kimeruka mahali pake. Usiamini mlio wa "klik", uvute.

Na boliti ya kukatika. Slesha nyingi zina boliti moja iliyokusudiwa ikatike kisu kikigonga kisiki, ili kitu kingine kisikatike. Ni dhaifu kwa makusudi. Kijana mmoja niliyemfundisha alichoka kuibadilisha, akatia boliti ngumu ya injini. Haikukatika tena. Kisiki kilichofuata kilipasua gia boksi, na boliti yake ilibaki inang'aa.

Mengine kwa ufupi

Haro: watu hukaa juu yake ili iongeze uzito na kuingia ardhini. Akiteleza, sahani ziko pale pale chini yake, na dereva hasikii kitu. Kama inahitaji uzito, funga mifuko ya mchanga kwenye fremu, au rekebisha pembe ya sahani. Pembe ikiongezwa, sahani huingia zaidi. Mara nyingi hata huo mchanga hauhitajiki. Abiria kwenye madigadi ni habari hiyo hiyo. Kiti kimoja, mtu mmoja.

Slesha hurusha mawe na vipande vya waya. Kabla ya kufyeka, tembea kwa miguu shamba zima, okota unachoweza kuokota, weka vijiti vyenye kitambaa kwenye visiki. Watu wawe mbali mita 100, watoto wasiwepo kabisa. Ukiizima, visu vinaendelea kuzunguka kwa muda. Subiri vitulie kabisa, usivikisie kwa sauti.

Mashine ya kunyunyizia dawa yenye mabawa marefu ina adui wake juu: nyaya za umeme. Kunja mabawa kabla ya kuhama. Yakishagusa waya, baki kitini, waonye watu wasisogee, subiri umeme ukatwe. Ukilazimika kutoka kwa sababu ya moto, ruka mbali miguu ikiwa pamoja, usiliguse trekta na ardhi kwa wakati mmoja, kisha jikokote kwa hatua ndogo ndogo bila kunyanyua nyayo.

Haidroliki ikivuja, usitafute tundu kwa kupapasa. Mafuta yanayotoka kwenye kitundu kidogo kwa presha huingia ndani ya ngozi kama sindano, na alama inayobaki nje ni ndogo kama ya kuumwa na mbu. Pitisha kipande cha boksi kando ya mpira, kitalowa mahali panapovuja. Na kama mafuta yamekuingia, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama hakuna maumivu, useme wazi kuwa ni mafuta ya presha. Mwili ulioingiwa hivyo unahitaji upasuaji wa haraka. Ukingoja mpaka uvimbe utokee, unaweza kuupoteza mkono.

Barabarani, unganisha pedali mbili za breki kwa komeo lake. Shambani tunaziachanisha ili kukata kona kwa tairi moja. Ukisahau, siku utakayokanyaga ghafla kwa mwendo trekta litajigeuza lenyewe. Mteremkoni tumia gia uliyopandia, usiweke gia huru. Na kumbuka kwenye kona kwamba ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu inayokusukuma nje inakuwa mara nne.

Kufungua

Jioni mtu amechoka, anataka kwenda kuoga. Ndiyo saa ya hatari.

Tafuta mahali tambarare na pagumu. Shusha zana, zima, ufunguo mfukoni. Baada ya kuzima, sogeza liva za haidroliki mbele na nyuma ili presha iliyobaki kwenye mipira iondoke, ndipo uchomoe mipira na uifunike vichwa visiingie mchanga. Chomoa shafti ya pitio, uiegemeze kwenye ndoano yake, usiiache matopeni. Teremsha mguu wa kusimamia kama zana inao, au weka kipande cha mbao chini ya upande mwepesi. Halafu rudi kinyume cha ulivyofunga: toplinki kwanza, uuzungushe mpaka pini ilegee yenyewe. Pini ikigoma, ina maana bado kuna mzigo juu yake. Usiigonge kwa nyundo, tafuta mzigo unatoka wapi. Kisha mkono wa kulia, kisha wa kushoto.

Kabla hujapanda kuondoka, isukume zana kwa mguu. Plau ya sahani, hasa, hupenda kulala ubavu. Ikiyumba, ongeza mbao. Ikitulia, washa, songa mbele mita moja, simama, geuka uitazame tena.